Lisemwalo Lipo? Pipi ya Tangawizi, Susana na Amri ya Nane



 Kuna msemo tumekua nao wote: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazee walikuwa na maana yao, kwamba usipuuze dalili. Lakini siku hizi sisi tunautumia kufungia kesi. Mtu ametuhumiwa, hakuna ushahidi, hakuna aliyeona, mmoja anaandika kwenye grupu "lisemwalo lipo" na mambo yameisha. Ameshahukumiwa, na hata hajaulizwa.

Leo naomba tuuweke msemo huo mezani na tuulize: je, kama lisemwalo halipo? Na kama aliyelisema ni mtu mkubwa, ambaye neno lake linafika mbali kuliko la kwako, wewe uliyesingiziwa utajiteteaje?

PIPI YA TANGAWIZI

Desemba 2020 Marekani walikuwa wametoka kwenye uchaguzi wa rais. Jijini Atlanta, jimbo la Georgia, kura zilihesabiwa ndani ya ukumbi wa michezo unaoitwa State Farm Arena. Kati ya waliofanya kazi hiyo walikuwemo mama mmoja na binti yake. Majina yao yapo kwenye kumbukumbu za mahakama, ila mimi sitayataja. Yametajwa vya kutosha.

Rudy Giuliani, mwanasheria wa Rais Trump wakati huo, alisimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo akadai kwamba wanawake hao walikuwa wanapeana flashi kwa siri ili kuchezea kura. Ushahidi wake ulikuwa kipande cha video. Na huyu hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa mwendesha mashtaka maarufu, akawa meya wa New York kuanzia 1994 hadi 2001, akasifiwa dunia nzima kwa namna alivyouongoza mji ule baada ya shambulio la Septemba 11. Mtu wa namna hiyo akisema kitu, watu hawaulizi.

Juni 2022 binti yule aliulizwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani: mama yako alikupa nini pale? Akajibu: pipi ya tangawizi.

Pipi, jamani! Lakini kabla pipi haijajulikana, vitisho vya kuuawa na matusi ya ubaguzi wa rangi vilikuwa vimemiminika. Watu walifika mpaka nyumbani kwa bibi wa binti yule wakitaka kuingia kwa nguvu. Mama alishauriwa na FBI ahame nyumba yake kwa muda, akakaa nje karibu miezi miwili. Alikuwa na fulana yenye jina lake, jina ambalo mtaa mzima ulimjua kwalo, akaacha kuivaa. Aliieleza kamati kwamba amepoteza jina lake, na kwamba sasa anaogopa hata mtu akimwita kwa jina hadharani.

Sitaki tuingie kwenye siasa za Marekani. Hoja yangu si chama gani. Kilichonichoma mimi ni kitu kingine. Giuliani alilelewa Mkatoliki, akasoma shule za Kikatoliki, na ujanani aliwahi kufikiria kuwa padre. Niliposoma hapo nilifunga simu kwanza. Maana mimi ni mseminari. Kumbe mtu anaweza kuanza hapa nilipo na akaishia pale.

KWA NINI NI VIGUMU KUTHIBITISHA

Utasema, si waende mahakamani? Walienda. Walifungua kesi Desemba 2021. Lakini ngoja kwanza tuone mtu anayesingiziwa anakutana na mafundo gani. Mimi nayaona matatu.

Fundo la kwanza: kuthibitisha kitu ambacho hakikuwepo. Waliosoma mantiki wananielewa. Kuthibitisha kwamba umekula ugali ni rahisi. Kuthibitisha kwamba maisha yako yote hujawahi kuiba hata shilingi, utaleta nini? Uongo huchukua sekunde kumi kuutamka. Kuukanusha kunahitaji wachunguzi, video nzima, na miaka. Bodi ya uchaguzi ya Georgia ilifunga rasmi uchunguzi na kusema madai yale hayana msingi Juni 2023. Hesabu mwenyewe, ni miaka miwili na nusu tangu neno litamkwe.

Fundo la pili ndilo gumu kuliko yote: moyo. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya gazeti la New York Times na L. B. Sullivan, kiongozi wa mji wa Montgomery, Alabama. Gazeti lilikuwa limechapa tangazo la kuchangia harakati za Martin Luther King. Tangazo lilikuwa na makosa madogo. Kwa mfano lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe ilikuwa mara nne. Sullivan, ambaye hata jina lake halikuwemo, akashtaki, na mahakama ya Alabama ikampa dola 500,000. Wachungaji wanne weusi waliotajwa kwenye tangazo nao walishtakiwa pamoja na gazeti. Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile. Ikasema kiongozi wa umma akitaka kushinda kesi ya kuchafuliwa jina, haitoshi kuonyesha kwamba lililosemwa ni uongo. Aonyeshe kwamba msemaji alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli ama si kweli.

Hapa tuwe wakweli, hukumu ile ilikuwa na hekima yake. Bila hiyo, kila mwenye cheo angewafilisi kwa kesi wote wanaomsema, na harakati za haki zingenyamazishwa kwa kosa la mara saba badala ya mara nne. Ugumu wa kuthibitisha uliwekwa ili mnyonge aweze kumsema mkubwa. Lakini kinga ile ile, mkubwa mwongo naye anaweza kujificha chini yake. Anasema: "Mimi niliamini." Utampasua kifua uone?

Uingereza, na nchi zilizorithi sheria yake kama Kenya, mzigo umewekwa tofauti: anayejitetea kwamba alisema kweli ndiye anayetakiwa kuithibitisha. Ni nafuu. Lakini hata huko mkubwa hasemi "fulani ni mwizi." Anasema "nasikia." Anasema "wananchi wanajiuliza." Anasema "sitaki kutaja jina ila mnamjua." Wote tunacheka, wote tunamjua, na hakuna aliyesema kitu.

Fundo la tatu: madhara. Utapimaje usingizi uliopotea? Utaleta risiti gani ya rafiki aliyeacha kukusalimia?

Sasa, wale wanawake walishinda? Walishinda. Desemba 15, 2023 baraza la wazee wa mahakama lilimwamuru Giuliani awalipe takriban dola milioni 148. Ila angalia walivyoshinda. Yeye mwenyewe alikataa kukabidhi nyaraka alizoamriwa, ndipo hakimu akampa hatia bila kesi kusikilizwa yote. Kilichobaki kwa baraza kilikuwa kupima fidia. Moyo wake haukufunguliwa mezani. Na wiki ile ile ya kesi, akiwa nje ya mahakama, aliwaambia waandishi wa habari kwamba yote aliyosema juu yao ni kweli. Hela hukumu iliamuru. Kuliondoa neno kwenye vichwa vya watu, hakuna hakimu duniani mwenye amri hiyo.

SUSANA NA KIJANA DANIELI

Biblia yetu sisi Wakatoliki ina kesi kama hii, sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Husomwa Jumatatu ya Juma la Tano la Kwaresima, na ni masomo marefu, kwa hiyo wengi wetu huwa tumeshachoka. Ikasome leo taratibu.

Susana, mke wa Yoakimu, anashikwa bustanini kwake na wazee wawili. Hawa wazee mwaka ule walikuwa wameteuliwa kuwa waamuzi wa watu. Wanamtaka kimwili, anakataa, wanamgeuzia kibao: wanasema wamemkuta na kijana chini ya mti. Sasa tazama aya ya 41. Mkutano uliwaamini, na Maandiko yanatupa sababu: kwa kuwa walikuwa wazee wa watu na waamuzi. Basi. Cheo ndicho kilikuwa ushahidi. Susana hakuulizwa swali hata moja. Ameshapewa hukumu ya kifo.

Hapo Mungu anaiamsha roho ya mtu, na si mzee mwingine. Ni kijana. Danieli anapaza sauti kwamba yeye hana hatia katika damu ya huyu mwanamke. Watu wanageuka kumwangalia. Anawaambia ni upumbavu kumhukumu binti wa Israeli bila kuchunguza. Kisha anafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyelifikiria: anawatenganisha wale wazee wawili, anamuuliza kila mmoja peke yake, uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja ule. Uongo ukaanguka kwa swali moja.

Nataka uone vitu viwili. Kwanza, Susana aliokoka kwa uzi mwembamba. Wale wazee wangekubaliana mapema aina ya mti, angekufa. Pili, Danieli hakuwa na ushahidi wowote alipopaza sauti. Alikuwa na kitu kimoja tu: alikataa kuamini kwa sababu ya cheo. Alisema, tuulize kwanza. Kijana, hiyo unaweza. Haihitaji digrii ya sheria.

MAHAKAMA AMBAYO MSHTAKIWA ANAFUNGUA MOYO MWENYEWE

Nilidhani makala hii ni juu ya wakubwa. Nikaanza kuandika, Roho Mtakatifu akanigeuzia kioo.

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji parokiani, ulikuja ujumbe wa sauti kwenye grupu. Mtu mwenye heshima zake pale alikuwa anasema kwamba mweka hazina wa kwaya amekula hela za safari ya hija. Mimi sikusema kitu. Nilimrushia rafiki yangu mmoja tu, nikaweka na kile kikatuni cha mtu anayeshika kidevu. Basi. Jioni ile waamini wawili wakaniuliza, "Frateri, ile habari ni kweli?" Nikajibu, "Mmh, mimi sijui, ila lisemwalo lipo." Nilijiona nimejibu kwa busara.

Kumbe hela zilikuwa benki, na karatasi ya benki ilikuwepo. Tatizo ni kwamba ilipokuja kuonyeshwa, yule mama alikuwa ameshaacha kwaya. Alikuwa anasali misa ya kwanza, anakaa nyuma, anaondoka kabla ya matangazo.

Nilikwenda kuungama. Nikajitetea kidogo, si unajua tena. Nikasema, Padre, mimi sikusema kwamba ameiba. Padre muungamishi akaniuliza: ulitaka wale wawili waondoke wakiamini nini? Nikakosa jibu. Hakuna mahakama duniani ambayo ingenikuta na hatia. Maneno yangu yalikuwa safi kisheria. Lakini swali lile lilipita maneno, likafika moyoni, mahali ambapo sheria za watu zinagonga mlango na kuondoka.

Vijana wenzangu, hiyo ndiyo tofauti. Mahakamani, ugumu wa kuthibitisha nia ni kinga yako. Kwenye kitubio hakuna kinga hiyo, maana anayetoa ushahidi juu ya moyo wako ni wewe mwenyewe, mbele ya Yule ambaye, kama Samweli alivyoambiwa, haangalii sura bali moyo. Ndiyo maana ni vigumu kupiga magoti pale. Na ndiyo maana tunapona.

Katekisimu namba 2477 inatutajia makosa matatu, na si vibaya tuyajue kwa majina. Kuhukumu ovyo: kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha, hata kama unaamini kimya kimya. Kusengenya: kuyatoa makosa ya kweli ya mtu kwa wasioyajua bila sababu ya haki. Kusingizia: kulichafua jina la mtu kwa uongo. Umeona la kwanza? Kuamini tu. Kabla hujarusha, kabla hujacheka, tayari mlango wa dhambi uko wazi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema kati ya mali za dunia hii, jina jema lina thamani kuliko utajiri. Kisha anafika mahali tunapopakwepa: anayemsikiliza msengenyaji na kumwachia, wakati angeweza kumzuia, anashiriki dhambi yake. Na kuhusu kurudisha, hana mchezo. Aliyeiba mbuzi arudishe mbuzi. Aliyemnyang'anya mtu jina kwa uongo, arudishe jina kwa kukiri kwamba alisema uongo. Katekisimu namba 2487 inasema vivyo hivyo: hata kama umesamehewa, wajibu wa kurekebisha unabaki.

Padre alinipa ondoleo, halafu akanituma. Nilimtafuta rafiki yangu, nikawatafuta wale wawili. Mmoja wao alinijibu, "Aa, Frateri, mimi nilishamwambia na dada yangu wa Morogoro." Hapo ndipo nilipoelewa ulimi ni moto, jinsi Mtakatifu Yakobo anavyoandika katika sura ya tatu. Nilikwenda mpaka kwa yule mama. Alinisikiliza, akanikaribisha chai. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Frateri, utakapokuwa padre, watu watakuamini sana. Uwe unauliza kwanza." Ile ndiyo fidia pekee aliyonidai, na bado nailipa.

UVUMI ULIOLIPIWA

Naomba nimalizie kwenye kaburi lenye uwazi. Mathayo 28, aya ya 11 hadi 15. Askari wanakuja na habari ya yaliyotokea. Makuhani wakuu na wazee, watu wakubwa wa umma, wanakaa kikao. Wanatoa fedha nyingi. Wanawaelekeza askari waseme kwamba wanafunzi walikuja usiku wakauiba mwili wakati wao wamelala. Mathayo anasema neno hilo lilienea, na lilikuwa bado linasemwa siku alizoandika. Mtakatifu Agostino aliwashangaa: mashahidi wenu walikuwa wamelala, sasa walionaje?

Bwana wetu anajua kusingiziwa. Usiku wa kesi yake walitafutwa mashahidi wa uongo, na Marko anasema ushahidi wao haukupatana. Kwa Susana, ushahidi usiopatana ulimwokoa. Kwa Yesu haukusaidia kitu. Hakupata Danieli. Umati mzima, hakuna hata kijana mmoja aliyepaza sauti akasema, tuulize kwanza.

Na baada ya kufufuka? Hakwenda kwa Pilato kudai fidia. Aliwatokea rafiki zake, akawaonyesha madonda, akawatuma wawe mashahidi. Kanisa lilijibu uvumi ule kwa watu walioishi ukweli mpaka kufa. Simaanishi kwamba aliyechafuliwa asiende mahakamani. Ni haki yake, na mama yule wa Atlanta na binti yake walifanya vyema kwenda. Nasema kwamba hata mahakama ikishindwa, au ikishinda nusu nusu, jina lako lipo mahali ambapo mdomo wa mkubwa haufiki. Wewe unayesoma hapa na umesingiziwa, na umechoka kujieleza: Yeye anajua ilikuwa pipi.

Wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Habari mbaya ya mtu ikikufikia, usiulize "nani kasema?" bali "nani kaona?" Cheo si ushahidi, hata kikiwa cha padre.

2. Mtu akisengenywa mbele yako, uwe Danieli. Si lazima ugombane. Sema tu, "Tumemuuliza mwenyewe?" Utaona grupu linavyonyamaza.

3. Kama kuna jina ulilolichafua, ungama, halafu rudisha. Rudia pale pale ulipolisemea. Kama ulisema kwenye grupu, usikanushe kwa kunong'ona pembeni.

Tusali:

Bwana Yesu, uliyesimama kimya mbele ya mashahidi wa uongo, wape nguvu wote waliopoteza jina lao na hawana wa kuwatetea. Waguse wenye sauti kubwa, ili wasiitumie kuwaponda wadogo. Na sisi utupe masikio yasiyo na haraka, na ulimi unaojua kuuliza kabla ya kuhukumu. Maria, Kioo cha Haki, utuombee. Amina.